Jeti katika Kiwanja Kidogo cha Mjini: Tukubali au Tukatae?



Katika mkutano wetu wa mwisho hapa Gitega tulikuwa pamoja na wenzetu waliotoka Muyinga. Mambo ya mishahara yalikwisha mapema, lakini watu hawakuondoka. Kijana mmoja wa kiwandani alisimama akauliza: "Gitega ni mji mkuu wa kisiasa tangu 2019. Mbona ndege kubwa hazitui hapa? Jeti zikija, na kazi zitakuja." Kabla mwenyekiti hajafungua kinywa, mama mmoja akajibu: "Zitue wapi, mwanangu? Juu ya maharage yangu?"

Watu walicheka, kisha wakagawanyika. Wengine walisimama na kijana, wengine na mama. Mzee mmoja wa Muyinga akasema jambo hilo halimhusu hata kidogo, maana kahawa haipandi ndege. Kahawa hupakiwa katika malori, hupita mpaka wa Kobero, ikaenda hadi bandari ya Dar es Salaam.

Mkutano uliniagiza niandike maelezo. Sisemi kwamba kuna jeti inayokuja kesho. Nasema tu kwamba swali hili likija, litukute tumejifunza. Limekwisha kuulizwa katika miji mingine, karibu na mbali, na wafanyakazi wa huko wamelipa ada ya mafunzo ambayo sisi tunaweza kuipata bure.

JETI INATAKA NINI?

Ndege ya propela huvutwa na mapanga yanayozunguka. Jeti husukumwa: injini humeza hewa, huibana, huichoma pamoja na mafuta, kisha huitupa nyuma kwa nguvu nyingi. Kwa hiyo jeti huenda mbali zaidi, juu zaidi na kwa haraka zaidi. Lakini mabawa yake yametengenezwa kwa ajili ya mwendo mkali. Bila mwendo huo hayawezi kuibeba. Ndiyo sababu jeti ya abiria huhitaji njia ndefu ya kukimbilia kabla ya kupaa, na njia ndefu ya kufunga breki baada ya kutua.

Mambo matatu huongeza urefu huo. La kwanza ni mwinuko wa nchi. Hapa Gitega tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Hewa nyepesi huyapa mabawa nguvu kidogo, na injini nayo hupungukiwa. La pili ni joto, kwa maana hewa ya moto pia ni nyepesi. La tatu ni mvua, maana gurudumu huteleza juu ya maji kama vile baiskeli inavyoteleza mteremkoni. Kiwanja cha Bujumbura, ambacho kiko chini karibu na ziwa, kina njia ya mita 3,600. Kile cha Gitega ni kiwanja kidogo kisicho na lami.

Tena njia peke yake haitoshi. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, linataka kila mwisho wa njia ya ndege kubwa uwe na eneo tupu la usalama. Linataka mita 90 kwa uchache, na linashauri mita 240. Eneo hilo ni la ndege iliyoshindwa kusimama au kupaa. Halitakiwi kuwa na nyumba, soko, wala shamba lenye watu ndani yake.

Halafu kuna kelele. Sisi wa viwandani tunaijua habari hii kuliko watu wa ofisini. Sauti hupimwa kwa desibeli. Wataalamu wa afya ya kazi wanasema mtu asikae katika desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda hukatwa nusu: desibeli 88, saa 4, desibeli 91, saa 2. Mtu aliyesimama karibu na jeti inayoondoka anaweza kupata sauti inayopita desibeli 120. Kwa hiyo wa kwanza kuumia ni mfanyakazi anayepakia mizigo na anayetia mafuta. Baada yake ni mtoto aliye darasani karibu na uzio.

GOMA: ARDHI ILIPUNGUA, NDEGE HAZIKUPUNGUA

Tuanze na majirani. Kiwanja cha Goma kiko ndani ya mji, na mwisho wake mmoja unatazama mitaa yenye watu wengi na biashara ndogondogo. Mwezi wa Januari 2002 mlima Nyiragongo ulilipuka. Moto wa mlima ulishuka mjini, ukafunika karibu theluthi moja ya njia ya ndege na kugeuka jiwe jeusi. Njia ikabaki fupi, lakini ndege kubwa ziliendelea kuja.

Tarehe 15 Aprili 2008 jeti ya namna ya DC-9 ilijaribu kuondoka Goma kwenda Kisangani. Ilishindwa kupaa, ikapita mwisho wa njia, ikaingia mtaa wa Birere na kuwaka. Watu wapatao 40 walikufa, na wengi wao hawakuwa ndani ya ndege. Walikuwa mtaani kwao, katika shughuli zao za kila siku. Hawakuwa na tiketi na hawakuwa na safari.

Lakini tusiseme ubaya ni wa jeti peke yake. Tarehe 24 Novemba 2019 ndege ndogo ya propela iliondoka Goma kwenda Beni, ikaanguka katika nyumba za mtaa wa Mapendo. Walikufa watu wasiopungua 27. Na mbele ya hapo, tarehe 8 Januari 1996, huko Kinshasa, ndege ya propela aina ya Antonov 32 iliondoka kiwanja kidogo cha N'Dolo kilicho katikati ya mji. Ilikuwa imepakiwa kupita kiasi. Haikupanda, ikaingia soko la Simbazikita. Watu zaidi ya 200 walikufa sokoni. Marubani walihukumiwa, na baadaye ndege nzito zilizuiwa kutumia kiwanja hicho.

Angalieni vizuri, ndugu zangu. Sheria ya N'Dolo ilikuja baada ya mazishi. Wachuuzi wa Simbazikita na watu wa Birere hawakuwa na karatasi yoyote mkononi ya kusema: hapa mwisho, ndege ya uzito huu isipite juu ya vichwa vyetu.

NAIROBI: VIWANJA VIWILI

Nairobi walichukua njia nyingine. Wana kiwanja cha Wilson, kilomita kama 5 kutoka katikati ya mji, ambacho hutumiwa zaidi na ndege ndogo. Jeti kubwa za abiria na za mizigo hutua Embakasi, nje kidogo ya mji, kiwanja kilichofunguliwa mwaka 1958. Njia yake inapita mita 4,000. Huko ndiko maua ya mashamba ya Naivasha hupakiwa usiku na mchana kwenda Ulaya. Kwa hiyo anayesema jeti huleta kazi hasemi uongo. Wafanyakazi wengi wa mashamba ya maua Kenya wanakula kwa sababu jeti zinaruka.

Hata hivyo tusisahau jinsi Embakasi ilivyojengwa. Serikali ya kikoloni iliwatumia wafungwa na watu waliowekwa kizuizini wakati wa vita vya Mau Mau. Walipasua mawe na kuchimba udongo kwa kulazimishwa. Kiwanja kinaweza kuwa kizuri kwa nchi na bado kikajengwa kwa dhuluma. Mambo hayo mawili lazima tuyatenganishe, kila moja tulipime peke yake.

Na kugawa viwanja hakuondoi hatari yote. Mwezi wa Agosti 2025 jeti ndogo ya kubeba wagonjwa iliondoka Wilson, na baada ya dakika chache ikaanguka Mwihoko, katika Kaunti ya Kiambu. Walikufa watu 4 waliokuwa ndani na 2 waliokuwa chini.

TORONTO: KARATASI YA 1983

Sasa twende mbali, Kanada, kwa sababu huko ndiko hoja yetu ilibishaniwa kwa miaka mingi na kwa sauti kubwa. Mji wa Toronto una kiwanja kidogo juu ya kisiwa, mbele kabisa ya mji, ng'ambo ya mlango mwembamba wa maji. Kilifunguliwa mwaka 1939. Njia yake ndefu kuliko zote ina mita kama 1,200 tu.

Mwaka 1983 pande tatu zilitia sahihi mkataba: serikali ya Kanada, mji wa Toronto, na mamlaka ya bandari. Mkataba ulipangwa kudumu miaka 50. Ulisema jeti haziruhusiwi isipokuwa zile za kubeba wagonjwa. Ulitaja pia kiasi cha kelele kisichopitwa.

Mwezi wa Aprili 2013 kampuni ya ndege ya Porter, iliyokuwa ikiruka hapo kwa ndege za propela, iliomba jambo jipya. Ilitaka kuleta jeti za Bombardier na kurefusha njia kwa kujaza ziwa pande zote mbili. Watu wakagawanyika kama sisi tulivyogawanyika Gitega. Wa upande mmoja walisema: jeti za sasa zina kelele kidogo kuliko zile za zamani, safari zitafika miji ya mbali, na viwanda vya nchi yetu vitapata kazi. Wa upande wa pili walisema: hapa kuna shule karibu na kivuko, kuna watu wanaoishi ufukoni na kisiwani, na ziwa ni mali ya wote. Walibandika mabango madirishani, wakajaza mikutano ya baraza la mji.

Kuna jambo jingine ambalo mfanyakazi hapaswi kulipita. Wakati kampuni ile inatangaza mpango wa jeti, wafanyakazi wake wa kutia mafuta walikuwa katika mgomo tangu Januari mwaka ule ule, wakidai mshahara na usalama kazini. Mgomo uliendelea miezi kadhaa. Kampuni ilikuwa inaahidi kazi mpya mbele za watu, na nyuma ya uzio haijapatana na watu wa kazi iliyokuwapo.

Mambo yaliishaje? Mwezi wa Novemba 2015 waziri wa uchukuzi wa Kanada, Marc Garneau, alisema serikali haitaufungua mkataba wa 1983. Jeti hazikuja kisiwani. Je, kampuni ilikufa? Haikufa. Tangu 2023 inaruka kwa jeti kutoka kiwanja kikubwa cha Pearson, nje ya katikati ya mji, ambako ardhi ipo. Na jeti zenyewe hatimaye zilinunuliwa kwa Embraer wa Brazil, si kwa Bombardier. Mfanyakazi aliyepiga kelele "jeti zije" kwa ajili ya kiwanda cha kwao, aliahidiwa kitu kisichoandikwa popote.

Hoja hiyo haijafa Toronto, na wanaotaka jeti kisiwani wamerudi nayo. Lakini kila anayerudi lazima kwanza apambane na karatasi ile ya 1983.

HABARI YA SIKIO LANGU

Nitaeleza kwa nini karatasi ile imenigusa. Mimi niliacha shule baada ya darasa la sita. Nilifanya kazi miaka tisa katika kiwanda cha kukoboa kahawa. Siku moja ililetwa mashine mpya, kubwa, yenye sauti ya kutisha. Mkubwa wetu alituita, akasema vifuniko vya masikio viko njiani, na atakayeumia atatibiwa. Tulimpigia makofi. Alikuwa mtu mzuri, na naamini alisema kweli.

Baada ya miezi minne alihamishwa. Aliyekuja tulimkumbusha ahadi. Akauliza: "Karatasi iko wapi?" Hatukuwa nayo. Leo ukiniita ukiwa upande wa kushoto sigeuki, na wengine hudhani nina kiburi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hata masikio ni mali.

NA GITEGA JE?

Wanaotaka jeti Gitega wana hoja, na tusiwadharau. Mgonjwa mahututi asiyeweza kustahimili kilomita zaidi ya 100 za barabara ya milima hadi Bujumbura angeweza kuokolewa. Wageni wa serikali wangefika moja kwa moja. Ujenzi ungewapa vijana vibarua, na baada ya ujenzi kungekuwa na kazi za mizigo, ulinzi, usafi na zimamoto.

Lakini tupige hesabu, maana hesabu haina upande. Njia ya mita 2,500, pamoja na nafasi tupu ya kando, tuseme upana wa mita 300 kwa jumla, ni hekta 75. Hapo bado hatujahesabu jengo, barabara na maeneo ya usalama ya mwisho. Ikiwa kila familia ina nusu hekta, hizo ni familia 150. Katika nusu hekta ya kahawa iliyopandwa mita 2 kwa mita 2 kuna miti 1,250. Mti wa kahawa huchukua miaka mitatu au minne kabla ya kutoa mavuno ya maana. Familia ikilipwa udongo tu, bila miti na bila miaka ile ya kungoja, imeibiwa kwa kalamu.

Katiba ya Burundi inasema mtu hanyang'anywi mali yake isipokuwa kwa manufaa ya umma, kwa njia ya sheria, na kwa fidia ya haki inayolipwa kabla. Neno "kabla" ndilo tulishike kwa mikono miwili.

Na mzee wangu wa Muyinga, jambo hili linakuhusu. Faranga zinazojenga kiwanja Gitega ni zile zile ambazo zingetengeneza barabara ya kahawa yako hadi Kobero. Una haki ya kuuliza ni ipi itangulie. Tena mjukuu wako akija kutafuta kazi ya kupakia mizigo, masikio yake ndiyo yatakayosimama karibu na injini.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUSEMA NDIYO AU HAPANA

1. Ndege za uzito gani zitaruhusiwa, ngapi kwa siku, na saa ngapi? "Ndege za kisasa" si jibu.

2. Njia itakuwa na mita ngapi kwa mwinuko wetu huu, na mwisho wake kila upande kuna nini: shamba, shule au soko?

3. Je, kuna ardhi nje ya mji ambako jeti zingetua, na kiwanja kidogo kikabaki kwa ndege ndogo na za wagonjwa?

4. Nani atalipwa fidia, kwa kipimo gani, na je, italipwa kabla ya tingatinga kuingia?

5. Kazi zinazoahidiwa ni ngapi, za muda gani, na kwa mkataba wa namna gani? Je, sendika itaruhusiwa tangu siku ya kwanza?

6. Vifuniko vya masikio, kupimwa masikio kila mwaka, na gari la zimamoto: vimeandikwa wapi?

7. Nani atatia sahihi? Toronto zilikuwa pande tatu. Huku kwetu wakazi na wafanyakazi nao wawe na kiti mezani.

Mtaniuliza: wewe mwenyewe uko upande gani? Nitajibu wazi. Jeti kubwa katikati ya mji wenye watu wengi, katika njia fupi, mimi nasema hapana. Watu wa Birere wamekwisha kutujibia swali hilo. Jeti katika kiwanja kipya chenye ardhi ya kutosha, familia zikiwa zimelipwa kabla na mikataba ya kazi ikiwa imetiwa sahihi, mimi nitakwenda kushangilia na yule kijana wetu. Na ndege ya wagonjwa iachiwe nafasi kila mahali, kama Toronto walivyoiachia.

Lakini maoni yangu ni ya mtu mmoja. Kila tawi lisome makala hii kwa sauti, kwa ajili ya wale wasiojua kusoma, lijadili maswali yale saba, na mwandishi wa tawi aandike majibu katika daftari. Wajumbe wa Gitega na Muyinga waje na madaftari hayo katika mkutano ujao. Yule mama wa maharage ameahidi kuja mapema na kukaa mbele. Kijana naye nimemwomba akae karibu naye.